Kitambaa Chini ya Mita ya Kahawa

Vijana wa karakana mmenisumbua mwaka mzima. "Mama, andika, usiondoke na mambo yote kichwani." Haya, nimeandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vyeo vilikuwa viwili tu na kimoja kilikuwa cha kutunza funguo za choo. Nitaandika habari ya kapasita, kitambaa, na Mama Anaeli. Anayetaka hotuba ya maendeleo ya teknolojia asubiri mgeni rasmi.

Nilianza kazi Kaloleni, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la magodoro. Nilikuwa na cheti cha ufundi na gauni jipya nililoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Mwenye karakana alikuwa Mzee Urio, mrefu, mpole, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Akaniuliza jambo moja tu.

"Binti, unaogopa umeme?"

"Siogopi, mzee," nikajibu, kifua mbele.

"Basi rudi nyumbani ukajifunze kuogopa, uje kesho."

Nikarudi kweli. Kesho yake akaniuliza tena, nikasema naogopa sana, akanipa kiti. Kiti chenyewe kilikuwa na miguu mitatu na tofali, na nilikikalia miaka sita.

Wateja ndio walionichosha. Mtu anaingia na redio kwapani, ananiona nimeinama na chuma cha kuchomelea, moshi wa risasi unanipanda puani, halafu ananiuliza, "Fundi yupo?" Namwambia fundi ni mimi. "Hapana, dada, namuulizia fundi mwenyewe." Mzee Urio alikuwa anajibu kutoka nyuma bila kuinua kichwa: "Fundi mwenyewe ndiye huyo. Mimi ni mlinzi." Wapo walioamini, wakawa wanamwachia baiskeli zao awalindie.

Mzee Urio alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kifaa kipya hakiwashwi kabla ya maombi. Maombi yake yalikuwa mafupi: "Bwana, kama kuna kosa, lionekane kabla ya moshi. Amina." Mimi ni Mlutheri wa kwetu upande wa magharibi ya mlima, Mwarusha wa kuzaliwa, nimesikia maombi marefu ya kila aina. Hayo yake ndiyo pekee ninayoyatumia mpaka leo, hata jikoni.

Sheria ya pili ni kwamba hakuna kifaa kinachotoka karakana uchi. Mnajua wenyewe nyumba zetu zilivyo. Redio ina kitambaa cha kufuma, televisheni ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, na kitambaa cha meza nacho kimefunikwa kitambaa. Mzee alipogundua kwamba yeyo, mama yangu mzazi, alinifundisha kufuma tangu nikiwa mdogo, alifurahi kuliko alipoona cheti changu. Basi mchana nachomelea, wakati wa chai nafuma. Wapo wateja walioleta redio nzima kabisa wakidai inakoroma, kumbe wanatafuta kitambaa.

Sasa, kapasita. Kwa atakayesoma haya na si fundi: kapasita ni vibati viwili visivyogusana, vinavyotunza umeme kidogo kati yao. Ukivisogeza karibu, au ukiweka kitu chenye maji katikati, vinatunza zaidi. Ni hayo tu. Nilipomweleza marehemu mume wangu kwamba nimeajiriwa kwa ajili ya vibati viwili vinavyokaa karibu bila kugusana, alisema anazijua ndoa kadhaa za namna hiyo.

Zamani ukitaka kapasita ya kubadilika, ulikuwa unazungusha mhimili na mabawa ya alumini yanaingia na kutoka, kama kwenye redio za kizamani unapotafuta stesheni. Mabawa hayo yakaanza kuadimika. Ikabidi tujifunze kuyaigiza kwa umeme. Unachukua kapasita ndogo ya kawaida, unaiunganisha kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea wa kikuza umeme, wale wadudu weusi wa miguu minane tunaowaita IC. Kikuza umeme kikiwa kinapindua ishara, huku mlangoni kapasita ile inaonekana kubwa mara nyingi kuliko ilivyo. Ukiongeza ukuzaji inakua, ukipunguza inasinyaa. Na ukuzaji unaurekebisha kwa transista moja na volti kidogo. Hakuna bawa, hakuna mhimili, hakuna kutu. Ni kitu kidogo kinachojifanya kikubwa kwa msaada wa mwingine, na Arusha hii watu wa namna hiyo wapo wengi.

Kazi yangu ya kwanza ya kubuni mwenyewe ililetwa na Katibu Zakaria. Alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, huko juu mlimani ukipandia Kikatiti. Mtu nadhifu kupita kiasi, kalamu tatu mfukoni, na viatu vinavyong'aa hata akitoka kwenye tope. Alileta mita ya kupimia unyevu wa kahawa, imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Kahawa inamiminwa kwenye kopo lenye kibati kimoja ndani na kingine chini, kwenye kitako, mita inalinganisha kopo hilo na kapasita yake ya ndani, na sindano inaonyesha unyevu. Zaidi ya asilimia kumi na mbili, kahawa inarudishwa ikaanikwe upya.

Tukaifungua. Mabawa yalikuwa yameliwa na kutu, na katikati yake kulikuwa na mjusi aliyekaukia humo. Kwa hesabu yangu, msimu mzima uliopita huyo mjusi alikuwa sehemu ya kipimo.

"Hii ni yako," Mzee Urio akaniambia. "Mimi nitafagia."

Nilikaa na ile mita wiki tatu. Mzunguko wa kwanza ulikuwa na nyaya ndefu kwa sababu nilitaka upendeze. Nilipouwasha, baada ya maombi, sindano ikaanza kupanda na kushuka yenyewe, hakuna hata punje moja ndani ya kopo. Mzee akaegemea fagio lake, akaitazama. "Inacheza mdundiko," akasema, akaendelea kufagia. Ilinichukua siku nne kujua kwamba kikuza umeme kilikuwa kinajisikiliza chenyewe kupitia zile nyaya zangu nzuri. Fupisheni nyaya, vijana. Uzuri wa nyaya hauonekani mfuniko ukishafungwa.

Siku ilipokaa sawa, sindano ikasimama kwenye kumi na moja kwa punje kavu za mfano nilizotunza kwenye mkebe, nilitaka kupiga vigelegele. Mzee aliipima asubuhi, akaipima mchana, akaridhika. Halafu akagusa kile kishikio cha mbele, kinachobadilisha volti na kuhamisha sindano, akaniambia neno ambalo wakati huo nililiona la kizee tu. "Naserian, kitu kinachorekebishika kirahisi kinaweza kurekebishwa ili kuficha. Kuwa mwangalifu na hiki."

Nikaitikia, nikamalizia kufuma kitambaa. Kilikuwa kitambaa changu bora, cheupe, cha pamba, pembeni kina maua ya mkahawa. Siku ya kukabidhi nilikwenda mwenyewe mlimani, na kwa kuwa rangi ya mita ilikuwa mpya na sikutaka kopo liikwaruze, nikakitandika kati ya kopo na kitako chake. Katibu Zakaria alikitazama kitambaa muda mrefu kuliko alivyoitazama mita. "Fundi," akasema, "hii sasa ni ofisi."

Wiki ya pili ya msimu akaja Kaloleni na mita, uso umemkunjamana.

"Mita inamkataa Mama Anaeli."

Nikamuuliza Mama Anaeli ni nani. Akanishangaa. Mama Anaeli ni mjane, mzee wa kanisa, mwenye shamba dogo juu ya mto, na kahawa yake haikuwahi kurudishwa, si wakati wa mumewe wala baada yake. Yeye hupima kwa meno. Anang'ata punje moja, anasikiliza, anasema, "Tayari." Sasa mita imesema kumi na tano. Amekwenda kuanika siku tatu zaidi kwenye kichanja, amerudi, mita imesema kumi na tano tena.

Tatizo halikuwa kurudi kuanika. Mlimani, mtu anayeleta kahawa mbichi anajulikana: anatia maji ili mizani ipande. Ni wizi, na unasemwa hivyo. Wanawake wa kwaya walishaanza kunong'ona, na mmoja alimwondoa Mama Anaeli kwenye zamu ya kushika kapu la sadaka, eti apumzike kidogo. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, jina lake zima limewekwa kwenye sindano yangu.

Mita tukaipima karakana. Kumi na moja, imetulia kama maji mtungini. Katibu akairudisha mlimani, ikamkataa Mama Anaeli mara ya tatu. Ikarudi tena Kaloleni. Kumi na moja. Nikasema ni baridi ya mlimani, transista haipendi baridi. Nikaongeza rezista inayohisi joto. Nikaenda kwa muuza soda jirani, nikamwomba friji, nikaiweka mita kati ya soda na maziwa mgando saa nzima.

"Dada fundi, huyo mgonjwa wako anaumwa nini?" akaniuliza.

"Hajasema," nikamjibu. Ilitoka na umande mwilini, nikaipangusa na kuipima. Kumi na moja.

Basi nikapanda nayo mwenyewe mlimani, alfajiri imeshapita na ukungu bado umekaa kwenye migomba. Katibu akaiandaa mezani kwake, nikamimina punje zangu kavu za mkebe. Kumi na tano! Punje zilezile! Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nyote mtalifanya siku moja, na mkilifanya mnikumbuke. Nilikamata kishikio, nikazungusha nusu mzunguko, sindano ikashuka hadi kumi na moja. Nikamwambia Katibu imepona, nikashuka zangu nikiimba.

Mchana wa siku hiyohiyo mita ilisoma nambari nne pungufu kwa kila kilichomiminwa. Bwana mmoja alileta kahawa ambayo gunia lake liliacha alama ya maji kwenye sakafu, ikapita, na akapongezwa. Habari zilipofika Kaloleni, Mzee Urio alinikalisha kwenye kile kiti cha tofali. Hakunifokea. Heri angenifokea.

"Ulirekebisha kipimo," akauliza, "au ulirekebisha aibu?"

Nilitoka nje nikalia kidogo kati ya magodoro, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Ikabaki siku ya mwisho ya kupokea kahawa. Mama Anaeli asipopita siku hiyo, kahawa yake ya mwaka inabaki nyumbani, na jina la mwizi wa maji linabaki naye. Nilipanda mlimani na mkebe wangu na testa, nikarudisha kishikio kwenye alama ya karakana mbele ya Katibu, nikamwomba asiguse kitu. Mama Anaeli alikuwa ameshafika. Ndiye alikuwa wa kwanza mlangoni, kama kila siku, kwa sababu aliamini mtu mwaminifu hufika mapema. Kanga safi, kilemba kimefungwa kwa hasira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa hicho chombo?"

"Ndiyo, mama. Naitwa fundi Naserian."

Akachukua punje kutoka kwenye gunia lake, akaing'ata mbele yangu, ka! Akanipa nusu nyingine. "Ng'ata." Nikang'ata. Nusura jino liniponyoke. "Hiyo ni mbichi?" akauliza.

"Ni kavu, mama."

"Mwambie chombo chako."

Karani akamimina, watu wameshaanza kujaa nyuma yetu. Sindano ikapanda bila haraka, ikasimama kwenye kumi na tano. Mtu mmoja nyuma akaguna. Katibu Zakaria akafungua kitabu cha kukataliwa, kalamu mkononi, huku akisema, "Pole sana, mama, ni mashine."

Mama Anaeli alikaa kwenye benchi, akawa anaangalia mita. Halafu jicho likatua kwenye kitambaa, kama jicho la mwanamke yeyote wa huku lingefanya.

"Nani alifuma hiki? Mtindo huu wa ua sijauona." Akasogea, akainua kopo kidogo kwa mkono mmoja, akakivuta kitambaa kwa mwingine, akakishika kwenye vidole. "Mwee! Mbona kibichi hivi? Mngeanza kuanika hiki kabla ya kuanika kahawa yangu."

Akalirudisha kopo mahali pake. Mimi nilikuwa naangalia sindano. Sindano ikashuka, kumi na tatu, kumi na mbili, ikasimama kwenye kumi na moja.

Nikauliza, "Katibu, kitambaa hiki kinafanywaje?"

"Mke wangu anakifua kila jioni," akajibu kwa fahari, "anakipiga wanga, asubuhi nakitandika. Mita ikienda Kaloleni nakiacha kabatini, kitambaa kizuri hakipandi gari la mizigo."

Yote yakajipanga kichwani. Kila asubuhi kitambaa kinatandikwa kibichi, maji yake yanajihesabu kama unyevu wa kahawa, na wa kwanza kupimwa ni yule anayewahi kuliko wote. Kufika adhuhuri kimekauka, wachelewaji wanapita. Kaloleni hakijawahi kurudi, ndiyo maana kule mita ilikuwa nzima. Wiki nne nilizotafuta ugonjwa kwenye transista, nilikuwa nimeufuma mwenyewe kwa sindano namba tatu.

"Fundi, umegusa nini?" Katibu aliuliza.

Nawaambia ukweli, vijana: nilifikiria kusema nimekaza waya. Watu wangeamini. Kishikio kilikuwa karibu, kitambaa kingerudi kabatini, na fundi mwanamke wa kwanza waliyewahi kumwona angeshuka mlimani na heshima zake. Kisha nikamwona Mama Anaeli bado amekishika kile kitambaa, anasubiri.

"Sijagusa kitu," nikasema, na nikasema kwa sauti ili wa nyuma wasikie. "Kosa ni kitambaa. Kimelowa. Nimekifuma mimi na nimekiweka mimi. Kahawa ya mama ni kavu, na ilikuwa kavu tangu siku ya kwanza."

Halafu mtu akacheka, na wote wakacheka, karani mpaka akaegemea mizani. Mama Anaeli peke yake hakucheka.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Lakini hapa watu ni kumi na tano. Walionong'ona ni usharika mzima. Jumapili uje useme huko."

"Kanisani, mama?"

"Kwenye matangazo. Baada ya ndoa na kabla ya mnada."

Kahawa yake ilipokelewa. Nilishuka mlimani nikitumaini atasahau. Mzee Urio aliposikia, alivua kofia yake ya sufu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaikung'uta, akaivaa tena. "Jumapili nitakusindikiza," akasema. "Sitaki nisimuliwe."

Nilisimama mbele ya usharika ule na gauni la siku yangu ya kwanza kazini. Nikaeleza habari ya vibati viwili visivyogusana, na kwamba maji yakikaa kati ya kopo na kitako mita haiwezi kujua ni ya kahawa au ya kitambaa. Mchungaji alitingisha kichwa kama anaelewa. Nikamaliza kwa kusema Mama Anaeli hajawahi kutia maji kwenye kahawa, aliyetia ni mimi, na naomba radhi. Mama Anaeli akasimama kutoka benchi la wazee wa kanisa, akageuka taratibu, akawatazama kwaya mmoja mmoja, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Akakaa.

Nje kukawa na mnada wa sadaka kama kawaida, ndizi, mayai, jogoo, na Katibu Zakaria akatoa kitambaa, kimefuliwa, kimepigwa wanga. Mnadi akakiinua juu: "Hiki ndicho kile!" Watu wakakigombania kwa vicheko. Kila mtu akitaja bei, Mama Anaeli anaongeza, mpaka yule wa kwaya aliyemtoa kwenye kapu la sadaka akaona haya, akaacha. Mama akakikunja, akakitia kwapani, akaenda zake.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi, mizunguko ya redio za magari ya utalii, vikuza sauti vya makanisa, vitu vingi vyenye kapasita za kujifanya. Mzee Urio alifariki, Mungu amlaze pema, na fagio lake bado liko nyuma ya mlango, msilitupe. Vitambaa tuliendelea kufuma, lakini vikawa vya juu tu. Na kila kifaa kilichoniletea utata, kabla ya kushika kishikio nilikwenda kwanza kukiona kilikokaa, nikauliza nani anakifuta, nani anakifua, nani anafika wa kwanza.

Mwezi uliopita, wiki ya kwanza ya kustaafu, nilipanda mlimani kumwamkia Mama Anaeli. Ni mzee sana sasa, masikio yamechoka, meno yamebaki machache lakini bado anang'ata nayo. Redio yake iko mezani, na chini yake kuna kitambaa changu, kimekuwa rangi ya chai, maua ya mkahawa bado yanaonekana. Alipokwenda jikoni kuleta ndizi, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikakigusa pembeni kwa vidole viwili.

Alikuwa amesimama mlangoni na sahani.

"Kimekauka?"

"Kimekauka, mama," nikapaza sauti.

"Una hakika," akauliza, "au nilete mita?"